Kabla Ulipe, Uliza Kama Inafunguka

Wasee, kuna swali moja huwa hatuulizi kwa duka la simu. Tunauliza kamera ni ngapi. Tunauliza memori, tunauliza kama inashika 5G, tunauliza kama iko na rangi ingine, halafu tunauliza bei ya mwisho. Tukishalipa tunabandikiwa protekta, tunachagua kava, tunatoka. Hakuna mtu huuliza: hii kitu ikiharibika, inafunguka?

Mimi naona hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza. Na si kwa sababu ya pesa peke yake, ingawa pesa iko ndani. Ni swali ambalo linakuonyesha kama yule aliyebuni kitu alikuwa anakufikiria wewe, ama alikuwa anafikiria siku utarudi dukani.

Wacha kwanza nitoe kitu kimoja njiani. Najua vile story za mazingira huanza. Mtu anasimama mbele ya vijana wa Nairobi na slaidi zake, anawaambia wapunguze kununua vitu. Unamwangalia unajiuliza, nipunguze gani sasa? Wengi wetu tumekulia nyumba ambapo shati ya ndugu mkubwa inashuka mpaka kwa kitinda mimba, ikichoka inakuwa kitambaa cha kupanguza meza. Ndoo ya rangi ndiyo ya maji. Mkebe wa mafuta ya kupikia ndio wa sukari. Nguo ni za Gikomba, na zikituchosha zinapelekwa ushago, huko zinaanza maisha ya tatu. Kutumia kitu mpaka kiishe hatukufunzwa na semina.

Kwa hivyo siko hapa kukuambia uache kupenda vitu poa. Penda. Kitu nataka ni tuhamishe lawama kidogo, itoke kwa mfuko wa mnunuzi, iende kwa meza ya yule alichora hicho kitu.

Tuchukue simu, kwa sababu kwa wengi wetu ndiyo kitu cha bei zaidi tunamiliki. Huna gari, huna shamba, kitanda ni cha mathe, lakini simu ni yako. Ndiyo benki, ndiyo darasa, ndiyo kazi.

Ukiiangalia kama kitu kilichobuniwa, simu iko na pande tatu. Mbele ni yako wewe: kioo unachoangalia kutoka asubuhi mpaka usiku. Nyuma ni ya watu wengine, kwa sababu wewe mwenyewe huioni ukiwa unaitumia. Wanaoiona ni wale umekaa nao kwa mat, na wale wataona picha umejipiga kwa kioo cha choo ya mall. Halafu kuna ndani. Ndani ni ya fundi.

Sasa angalia mahali kazi ya ubunifu imeenda. Mbele imefanyiwa kazi ya ajabu, huwezi kataa. Nyuma nayo imefanyiwa kazi mpaka ikapitiliza: macho ya kamera yamepangwa yaonekane kutoka ng'ambo ya barabara, na kila mwaka yanapangwa tofauti ndio mtu ajue yako ni ya mwaka jana. Kwenye simu za bei ya chini unaweza kupata miduara mitatu minne imepangwa vizuri huko nyuma, na mmoja hauna kazi ya maana. Uko hapo kwa ajili ya jirani yako. Hiyo aibu unaskia ukiweka simu ya zamani mezani, watu wamelipwa kuichora.

Na ndani? Ndani ndiko walikoachia gluu.

Haikuwa hivi kila wakati. Uliza wazazi wako kuhusu mulika mwizi. Nokia 1100 ilitoka 2003, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi, ilikuwa na kifuniko cha nyuma unafungua kwa kidole gumba, na betri unatoa kwa sekunde mbili. Betri yenyewe, BL-5C, iliingia kwa modeli kibao za Nokia, na mpaka leo utaiona ndani ya redio ndogo za wazee. Simu ilikufa, betri ikaendelea na maisha. M-PESA ilipoanza Machi 2007, simu za aina hiyo ndizo zilikuwa kwa mifuko ya watu. Hakuna mtu alipeleka kabambe kwa fundi ati abadilishiwe betri. Ulienda kwa kibanda, ukanunua, ukaweka mwenyewe ukitembea.

Na si kabambe peke yake. Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa na kifuniko kinatoka na betri unatoa kwa mkono. Mwaka uliofuata ikaja S6, imefungwa kabisa, glasi mbele na nyuma. Upande wa Apple, kwenye iPhone 4 waliingiza skrubu zenye kichwa cha nyota ya pembe tano, aina ambayo bisibisi yake haikuwa kwa nyumba ya mtu yeyote. Skrubu ya kawaida ingeshika vile vile. Hiyo iliwekwa useme, "Ah, hii si ya kufunguliwa na mimi."

Nilielewa hii maneno vizuri siku betri yangu ilianza kuvimba na kioo kikaanza kuinuka upande mmoja. Nilienda kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue, wale wanakaa kwa meza ya futi mbili na taa imewainamia. Aliipasha joto kwanza, ndio gluu ilegee. Akaingiza kiplastiki chembamba kama cha kupigia gitaa, akakizungusha pole pole pembeni, akitulia kila kona. Mimi nilikuwa nashika pumzi. Nikamuuliza mbona anaenda mos mos hivyo na betri ni kitu ya dakika moja.

"Bosi, betri si ndiyo kazi," akaniambia bila kuinua macho. "Kazi ni kuingia. Nikiharakisha hapa nikate kioo, utanunua kioo, na kioo cha hii ni bei ya simu ingine."

Hapo ndipo hesabu iko. Betri yenyewe ni pesa kidogo. Kile unalipa ni hatari ya kuifikia. Na hiyo hatari haikutoka kwa Mungu. Kuna mtu kwa ofisi mahali aliamua betri, ambayo kila mhandisi anajua itachoka baada ya miaka michache, ikae chini ya kioo ambacho kinapasuka kikiguswa vibaya. Ni kama kujenga nyumba na kuweka balbu ndani ya ukuta, juu ya balbu ubandike tailisi.

Hapa kuna mtu ataniambia niache chuki. Ati simu zimefungwa ndio ziwe nyembamba na zisiingie maji. Ni hoja ya kweli, na siidharau. Mtu ambaye simu yake imeanguka kwa beseni anajua thamani ya kuzuia maji. Lakini rudi kwa ile S5 ya 2014: ilikuwa na kifuniko kinatoka, na bado ilikuwa na kiwango cha kuzuia maji cha IP67, maana yake inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa hivyo kazi inawezekana. Ni ngumu zaidi, na pengine simu inakuwa nene kidogo. Lakini mtu asituambie kwamba fizikia ndiyo ilikataa.

Kama si fizikia, ni nini basi? Wacha nikupatie mfano ambao makampuni yenyewe yaliuandika. Desemba 2017, Apple ilikubali kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Sababu yao ilikuwa kwamba bila hivyo simu zingejizima ghafla. Watu walikasirika, na 2018 kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Watu wakabadilisha betri, na simu walizokuwa wanaona ni mzee zikaamka. Sasa sikia: Januari 2019, Tim Cook aliandikia wawekezaji barua kueleza mbona mauzo yameenda chini ya walivyotarajia, na kati ya sababu alizotaja ni kwamba wateja wengine walichukua hizo betri za bei nafuu. Baadaye kampuni ilikubali kulipa mpaka dola milioni 500 Marekani kumaliza kesi ya hizo simu zilizopunguzwa kasi.

Soma hiyo barua kama mnunuzi. Maana yake ni kwamba simu nyingi ambazo zingetupwa hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinahitaji betri tu. Na betri ikiwa rahisi kupata, mauzo yanaskia.

Huu mchezo hata si mpya. Mwaka wa 1924, makampuni makubwa ya balbu, Osram na Philips wakiwemo, yalikutana Geneva na kuunda umoja unaojulikana kama Phoebus. Walikubaliana balbu za nyumba ziwake masaa 1,000 hivi, na wakati huo kulikuwa na zile zilikuwa zinafika 1,500 ama zaidi. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi kilitozwa faini. Faini kwa kutengeneza kitu kinadumu, manze. Kwa utetezi wao, balbu ya maisha mafupi inaweza kutoa mwanga mkali zaidi. Lakini ukishaanza kumtoza mtu faini kwa sababu balbu yake imekataa kufa, mwanga si ndio shida yako.

Sasa, mbona hii ni swala la maadili na si la bei tu? Kwa sababu simu ikifa mapema, kuna watu wengine wanalipa, na hawako kwa risiti yako.

Wa kwanza wako Kolwezi, kusini mashariki mwa Congo. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Congo, na kobalti inaingia kwa betri nyingi za simu. Sehemu yake inachimbwa na watu kwa mikono, kwa mashimo ambayo yanawaangukia. Huko Katanga watu wanaongea Kiswahili. Yule anayeinua hilo gunia ukimsalimia habari ya asubuhi atakujibu. Sisemi hivyo uone huruma halafu uendelee na siku yako. Nasema ujue kwamba kila betri inayotupwa pamoja na simu nzima kwa sababu haikuweza kutolewa, ni sababu ingine ya mtu kurudi kwa shimo.

Wa pili ni hewa. Ukiangalia ripoti za mazingira za makampuni ya simu, sehemu kubwa ya gesi chafu ya simu hutoka wakati inatengenezwa, kabla uiwashe. Kuichaji ni sehemu ndogo. Na kwa Kenya ni ndogo zaidi, kwa sababu stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji, na upepo wa Marsabit. Kwa hivyo hayo mambo ya kuambiwa uchomoe chaja ukalinde dunia, sawa, chomoa. Lakini ukikaa na simu miaka mitano badala ya miwili umefanya kitu ambacho chaja haiwezi kufikia hata kidogo.

Wa tatu ni majirani wa mahali vitu huishia. Umoja wa Mataifa ulihesabu taka za kielektroniki za mwaka 2022 zikawa tani milioni 62 duniani kote, na chini ya robo ndizo zilirekodiwa kukusanywa na kuchakatwa vile inafaa. Zingine ziko kwa droo, kwa jaa, ama kwa moto. Hapa kwetu tunajua jaa linaitwa Dandora. Mwaka 2007, shirika la UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitoa utafiti uliopima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kufikia ama kupita kiwango cha kimataifa cha wakati huo. Si simu peke yake zilifanya hivyo, Dandora inapokea kila kitu. Lakini kila kifaa ambacho hakifunguki kinaenda mahali kama hapo kikiwa kizima, na sumu yake ndani, kwa sababu hakuna mtu alikibuni akifikiria mwisho wake.

Kuna hesabu ingine tena, na hii ni yetu sisi vijana moja kwa moja. Ni ya umiliki.

Binamu yangu ni wa boda. Alichukua simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Sisemi mkopo ni mbaya. Bila huo asingepata simu ya kushika programu za kazi. Lakini wiki moja mvua ilinyesha, wateja wakapotea, malipo yakachelewa, na simu ikajifunga yenyewe. Sasa fikiria: simu ndiyo inamletea kazi, kazi ndiyo inalipa simu, na simu imejifunga kwa sababu hajalipa. Ilibidi akope kwa mtu ndio afungue kitu kitakachomsaidia kulipa. Na kabla hata amalize huo mkopo, betri ilikuwa tayari inaisha saa saba mchana. Haifunguki bila kuhatarisha kioo, na akiifungua anaambiwa waranti imekufa.

Hiyo simu ni ya nani? Amelipa. Anaibeba. Lakini hana uwezo wa kuifungua nje wala ndani. Mimi naona mali yako ni ile unaweza kufungua, ama kumpelekea mtu unayemwamini akakufungulia. Isipokuwa hivyo, umekodisha, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli wakati wowote.

Na kufuli zinaongezeka. Kuna simu ambazo fundi akichukua kioo ama betri orijino kutoka kwa simu ingine ya modeli hiyo hiyo akakuwekea, programu inakataa. Inaleta ujumbe ati sehemu haijulikani, ama kitu fulani kinaacha kufanya kazi. Fikiria nini hiyo inafanya kwa fundi wa Luthuli, ambaye ameishi miaka yote kwa kutoa kilicho kizima kwa simu iliyokufa na kukiweka kwa ile bado inapumua. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha sheria 2024 ya kukataza huo mtindo. Ufaransa kuanzia Januari 2021 ililazimisha vifaa kama simu viuzwe na alama, kutoka 0 hadi 10, ya vile ni rahisi kurekebisha. Umoja wa Ulaya nao, kutoka Juni 2025, unataka anayeuza simu ahakikishe spea zinapatikana kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na kutoka 2027 betri za vifaa vingi vya kubeba ziwe ni za kutolewa na mwenyewe.

Hizo sheria ni zao, zinaishia mpakani kwao. Lakini usidhani sisi hatuna mahali pa kushika. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kama kitu kitadumu miaka miwili na hakitafunguka, hiyo si habari ninayohitaji? Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, kwa hivyo simu zingine sasa zinafungwa skrubu hapa kwetu. Kama tunaweza kuzifunga hapa, tunaweza kusema zifungwe vipi.

Na tafadhali mtu asiniambie ubunifu wa aina hiyo ni wa watu wa Ulaya. Enda Kamukunji, fuata kelele ya nyundo. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, la bati nje na udongo ndani, lilitokana na wazo la jiko la Thailand, likabadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wahandisi pamoja na mafundi wa jua kali mpaka likafaa sufuria zetu na vile tunasonga ugali. Linapunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na la bati tupu. Lakini kitu napenda zaidi ni hiki: udongo ukipasuka, hutupi jiko. Unabadilisha udongo. Bati likioza, fundi anakata lingine. Kila mtu anaona lilivyoundwa, kwa hivyo kila mtu anaweza kuliunda, na ndiyo maana lilienea mpaka nchi jirani. Akala nazo ni hivyo hivyo. Ukikata kamba, misumari miwili, umerudi barabarani.

Hivyo ndivyo kitu kinakaa kikibuniwa na mtu ambaye atakutana na mteja wake tena sokoni Jumamosi. Aliyebuni simu yako hatakutana na wewe, na hiyo tofauti inaonekana ukifungua.

Kwa hivyo tufanye nini, zaidi ya kulalamika? Mimi niko na vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinahitaji uwe na pesa.

Kwanza, kabla ununue, pitia kwa fundi. Si baada ya kuharibika, kabla. Mtajie modeli mbili tatu umezipenda, umuulize gani inafunguka bila vita, spea ya gani iko Luthuli, gani hurudi kwake kila wiki na shida ile ile ya chaji. Anajua kuliko sisi wote tunaopiga video za kufungua maboksi. Sisi huona simu siku yake ya kwanza. Yeye huiona ikiwa imeshaishi na mtu.

Pili, uliza muuzaji kwa sauti. Betri inabadilishwa bei gani? Kioo je? Itapata masasisho ya programu mpaka mwaka gani? Mara ya kwanza atakuangalia tu. Lakini wauzaji husikiza vitu vinavyoulizwa mara nyingi. Walijua kutuambia kamera ni ngapi kwa sababu tuliuliza.

Tatu, tuache kuchekana kwa sababu ya simu za zamani. Najua ni utani, na utani ni chakula chetu. Lakini kila ukimcheka msee kwa simu yake ya miaka minne, unafanyia kampuni matangazo na haikulipi. Mtu anayetembea na simu imebadilishwa betri mara mbili na kioo mara moja anafaa kuulizwa fundi wake ni nani.

Mimi kwa upande wangu, kila simu nitakayoletewa niongelee hapa, kabla niseme chochote kuhusu kamera itapitia kwanza kwa meza ya fundi. Yeye ndiye ataipa alama juu ya kumi. Kampuni ambayo haitaki simu yake ionekane ndani, isinitumie.

Na nyinyi mkienda dukani, anzeni na lile swali. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwambie ni fundi amekutuma.